Baada ya Mtondogoo

Kisanduku cha mwisho cha jedwali la saba
kinauliza: Nani atachimba hapa, na lini?
Nimeachiwa nafasi ya sentimita mbili.

Mikocheni umeme umerudi,
jenereta la jirani linakohoa mara ya mwisho,
na mimi nina sindano kumi na moja za rediamu
zilizostaafu hospitalini kabla sijazaliwa.
Zimelala ndani ya risasi, risasi ndani ya chuma,
chuma ndani ya zege,
kama mwali aliyefichwa asionwe na jua.
Ila mwali huyu hachezwi, wala hatolewi.

Nusu yake huondoka kwa miaka elfu moja na mia sita.
Nusu. Kisha nusu ya nusu, kwa mwendo uleule.
Nikilipa hivyo deni la dukani kwa Mangi
vilembwe vya Mangi watarithi daftari.

Nimeiuliza lugha yangu.
Ikasema: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo.
Hapo ikatua mzigo, ikajifuta jasho.
Baada ya mtondogoo haina siku yenye jina,
ina Mungu akipenda,
na jedwali halina safu ya Mungu akipenda.

Dakta Mlimuka, aliyenifundisha hesabu hizi,
huanza na mwamba:
maji yapitayo humo unene wa ukucha kwa mwaka,
mfinyanzi unaovimba ukilowa, ukaziba ufa wake wenyewe.
Mwamba siuogopi. Hauna haraka,
haujui bei ya kiwanja.
Namwogopa Kilumanga.

Kilumanga ni fundi visima, yuko Goba,
mtambo wake umefungwa juu ya Fuso kuukuu.
Mwaka juzi alitoboa uani kwetu mita tisini
maana bomba la mtaa lilikuwa linapiga mluzi tu.
Nikamwuliza: ukikuta kitu kigumu huko chini?
Akacheka. "Dada, kigumu ndiyo kazi yangu.
Nabadilisha jino la keekee, naendelea."
Na ukikuta alama? Bango la hatari?
"Chini ya ardhi? Basi hapo kuna mali."

Ushahidi ninao mmoja, na ripoti haiupokei:
kitovu changu kilizikwa Magomeni
chini ya mwarobaini, miaka arobaini na mmoja iliyopita,
mashahidi wanne.
Mwarobaini ulikatwa. Nyumba iliuzwa mara mbili.
Jumapili nilimpeleka mama akanionyeshe.
Akasimama kando ya barabara ya mwendokasi,
akanyoosha kidole kituoni,
akakirudisha, akakinyoosha duka la simu.
"Hapa," akasema. Kisha: "Au pale."
Mama huyu, anayekumbuka hadi leo
bei ya khanga aliyonibebea.

Miaka arobaini na mmoja tu.
Na hicho kilizikwa kwa upendo.

Basi usiku huu nimefuta sufuri,
nukta, na sufuri nne zilizoifuata,
ile sehemu ndogo iliyoifurahisha kamati,
nikaandika: moja.
Yaani atachimba.
Simjui jina, wala lugha atakayochekea,
wala kama neno hatari litakuwa bado na meno.
Ana kiu, ana mteja, anabadilisha jino.
Hesabu ianzie hapo:
udongo kiasi gani utapanda na bomba,
utamwagwa wapi, watoto watauchezea siku ngapi,
tushuke mita ngapi zaidi
ili maji yamkate kiu kabla hajatufikia.

Nimeandika mita mia na hamsini.
Nimefuta.
Saa tano usiku nampigia Kilumanga:
mabomba yako yote ukiyaunga yanafika wapi?
Na mwanao, akirithi mtambo, atanunua marefu zaidi?

Kimya. Nasikia redio yake, na mtu anakohoa.
"Dada," anasema, "maji yamekatika tena?"